Santuri Iliyosimamishwa na Shangazi

Akinyi mjukuu wangu,

Nakusalimu kutoka Rodi Kopany. Sisi ni wazima, na yule ng'ombe mweusi amezaa. Unauliza ufanyeje na bendi uliyoipenda, maana albamu yao mpya huielewi.

Miaka ya sitini, kaka yangu Ouma alileta nyumbani santuri mpya ya vijana fulani Wazungu wa magitaa. Zile zao za kwanza tulizicheza hadi vumbi likapanda. Hii ilikwenda polepole, tena ina vinanda vya ajabu. Wageni waliokuja kwetu kucheza dansi wakanuna, wengine wakaanza kuaga. Ouma aliinama kwa aibu.

Kwetu, anayetaka kujisifu husimamisha muziki kwanza. Shangazi Atoti, asiyependa magitaa hata kidogo, akapaza sauti: "Simamisha!" Ouma akainua sindano.

"Ni mimi Atoti, binti wa bonde la Lambwe! Nikipika omena, wakwe wanalamba sahani! Hawa vijana wamekua. Nani hapa bado anavaa kaptura ya darasa la kwanza? Haya, endelea!"

Tulicheka mpaka machozi. Wimbo uliporudi, miguu iliupata yenyewe.

Basi usiizime, mama. Isimamishe katikati, ujisifu kwa sauti, kisha uiache iendelee. Na ukijisifu, anza na mimi:

Dorina, mpwa wa Atoti, nyanya wa Akinyi!