Kuku Wawili, Mkia Mmoja

Kwa kaka yangu mpendwa, Zhenhai,

Nakuamkia kwa heshima, nikiomba baridi ya Xinjiang iwe imekuhurumia na kifua chako kiwe kimetulia. Sisi huku Shanxi hatujambo. Shemeji yako anakusalimu, na tende nyekundu zimestawi sana mwaka huu. Ninayo habari ya Mama. Keti kwanza, maana si mbaya lakini ni nzito.

Baada ya mavuno alikuja mgeni kutoka mjini, Mwalimu Miao, mama wa makamo anayekusanya mapambo ya karatasi wanayokata wanawake vijijini. Mama alimketisha pale kwenye kitanda cha matofali kinachopashwa moto kwa chini, akamwonya kwamba siku hizi akikata sungura anatoka punda. Walicheka sana. Mwalimu akamuuliza sanaa hii ilianza wapi. Mama akasema wazee walisimulia kuwa hata kabla ya karatasi watu walikata majani na ngozi, na aliyefiwa alimkatia marehemu sura yake ili roho isipotee njia. Mwalimu akasema huko huko uliko wewe, kwenye makaburi ya mchangani, zimefukuliwa karatasi za mviringo, wanyama wamekatwa wawili wawili, zina zaidi ya miaka elfu. Aliyezikata hajulikani. “Lakini mtindo ni kama ukoo, mama,” alisema. “Mama humwachia binti.”

Kisha akatazama dirisha letu. Unawakumbuka wale kuku wawili wa karatasi wenye mkia mmoja, ambao majirani walitutania kwamba karatasi ilimwishia Mama njiani. Mwalimu alisema amewaona mahali pamoja tu, kijiji kimoja ng'ambo ya Mto wa Manjano, upande wa Shaanxi.

Mama aliweka mkasi chini. Kaka, nilidhani ameshikwa na ugonjwa. Sisi tuliambiwa ni yatima wa ukoo wa mbali aliyelelewa na Bibi hapa nyumbani, akaja kuolewa na Baba. Ndipo akatusimulia: kumbe mwaka wa njaa alivushwa mto ndani ya kikapu cha punda, mtoto mdogo, akaachwa hapa kama mchumba wa baadaye ili kwao wapate mtama. Baadaye akaambiwa wote wamekufa. Alibaki na wale kuku tu, aliofundishwa kuwakata na mama aliyemzaa.

Tulivuka kabla mto haujaganda. Njia nzima alininung'unikia: “Suping, unanipeleka kutembelea wafu.” Kijijini, kwenye dirisha la nyumba iliyochimbwa mlimani kama pango, tuliwaona kuku wetu. Chini yake ajuza mmoja alikuwa anapepeta mtama. Mama aliwanyooshea kidole wale kuku wa karatasi.

“Siuzi,” ajuza akasema.

Mama akauliza kwa nini wana mkia mmoja.

“Mama yetu alisema ndio sisi, watoto wa tumbo moja. Mwenzangu alichukuliwa.”

“Mwenzako kazeeka, dada,” Mama akajibu, “na miguu inamuuma. Mbona humkaribishi?”

Ungo ulianguka, mtama ukamwagika, kuku wa kweli wakaja mbio, wala hakuna aliyewafukuza.

Sasa nikuambie lililonifanya nishike kalamu. Jioni, Mama Mkubwa alikataa kula. Akasema hawezi kukaa meza moja na mdogo wake kabla hajasema. Siku ile alitakiwa yeye, kwa kuwa ndiye mkubwa. Aliposikia sauti ya mgeni aliyekuja na punda kumchukua, alijificha ndani ya mtungi wa nafaka, wakamkosa, wakamchukua mdogo. Tangu hapo kila mwaka mpya huwabandika wale kuku dirishani, kisha hugeuka pembeni akalia.

Mama akamsogezea bakuli. “Ulikuwa mtoto, dada. Mimi sikuwahi kujua kujificha. Na ungekwenda wewe, Zhenhai na Suping wangekuwa wanao, nami ningebaki kukuonea wivu. Haya, kula, tambi zinapoa.”

Walikula, wakilia na kucheka. Nilirudi peke yangu. Mama amesema mwaka mpya utamkuta kwa dada yake, nami sikumbishia.

Ukipata likizo, basi, usishukie kwetu, shukia ng'ambo. Mama Mkubwa ameshaniuliza kama kwenye tambi unapenda siki nyingi au kidogo. Nikamwambia akumiminie tu, utakula.

Wasalimie wenzako wote wa reli, na jifunike vizuri.

Mdogo wako akupendaye,
Yuan Suping