Utomvu wa Mninga

Chamazi, Jumanne

Nimeiosha kwa mikono yangu mwenyewe. Hilo ndilo linaloniumiza.

Nyundo ya kugongea alama magogo, mali ya ofisi yetu ya misitu, huwa naifungia kabatini, na anayeichukua lazima asaini daftari langu. Ijumaa bosi aliichukua bila kusaini. "Mdogo wangu, mie na wewe tuandikishane?" Nikacheka. Nilimwogopa.

Leo asubuhi ameirudisha. Utomvu mwekundu wa mninga umeganda kwenye herufi zilizochongwa usoni pake, na msitu wetu wa hifadhi umezuiwa kukatwa miti tangu mwaka jana. "Isafishe hiyo," akasema. Nikachukua brashi na sabuni.

Mchana akapiga simu mzee anayelinda msitu. Hata shikamoo yangu hakuiitikia. "Visiki vyote vina alama ya ofisi yenu. Nani alikuwa na nyundo?"

Daftari linasema ilikuwa kabatini. Ufunguo ninao mimi.

Kesho wakaguzi wanakuja. Nikisema ukweli nani ataniamini? Ushahidi pekee niliumwaga kwenye sinki.

Nimemwambia mama kuna wageni ofisini kesho, basi. Ananipigia pasi shati jeupe, nisije nikamwaibisha.