Mashine ya Binti Yangu Ina Kinyongo

Mpendwa mshauri wa redio, pokea salamu za mzee mwenzako, ingawa kwa sauti yako wewe bado binti mdogo, naomba unisaidie maana nimekwama, na mimi si mtu wa kukwama, barua hii nimeiandika kwa mkono wangu bila kuandikiwa na mtu, shule niliiacha mapema lakini randa sikuiacha, na useremala wangu nadhani umeusikia, kama hujausikia basi uliza.

Jumamosi hii namwoza kitinda mimba wangu, furaha niliyonayo hata usingizini natabasamu, nimemtengenezea jukwaa la mbao ngumu la kukaa yeye na bwana wake, nguzo nne, paa lake, ngazi zake, na halina msumari hata mmoja, ni ndimi na matundu tu, kipande kinaingia kwenye mwenzake kinasema ta! basi, hakitikisiki. Nimelisimamisha kwenye uwanja wangu kando ya mto penye majani laini na watu wote wameshaalikwa huko. Mkwe wangu, yaani baba wa huyo kijana, alisema tufanyie shuleni kule kilimani, nikamwambia mbele za watu, "Mkwe, mimi siozeshi binti kati ya madawati, kwani anakwenda kufanya mtihani?" Wakacheka wote, yeye hakucheka.

Sasa tatizo ni kwamba bibi harusi mwenyewe ndiye mtabiri wa mto katika ofisi ya mafuriko, na mashine yao kila asubuhi haianzi na tumbo tupu, inapewa faili wanaloliita hali ya mwanzo, humo mna udongo ulivyolowa mpaka jana, vijito vilivyojaa, mto ulipofikia, ndipo wanaiongezea mvua inayotarajiwa na yenyewe inasema mto utapanda au utashuka. Juzi nilikwenda kumwonyesha maua niliyoyachonga kwenye ngazi, dada mmoja wa mle ndani akapaza sauti, "Hali ya jana imekuja?" nami kwa adabu zangu nikamjibu, "Nzuri tu, mwanangu, na ya leo ndiyo nzuri zaidi," chumba kizima wakaangua kicheko, kumbe anaulizia faili.

Faili lilikuwa limechelewa, binti yangu akasema ngoja tuanze baridi tuone kama mashine yenyewe ni nzima, yaani ianze bila kujua ya jana, basi mstari wa mto ukalala kwenye kioo kama mjusi anayeota jua, nikapiga makofi, nikasema huo ndio mto wangu ninaoujua! Mara faili likaja, wakaanza moto, yaani mashine inaendelea pale ilipoishia jana, mvua ni ileile, lakini mstari ukainuka kama nyoka aliyekanyagwa mkia, na Jumamosi maji yako juu ya uwanja wangu.

Nikamwambia, "Urudishe ule mstari wa kwanza."

"Baba, ule haujui kitu. Umeanza kana kwamba mvua ya wiki zote hizi haikunyesha."

"Kwani leo inanyesha? Jua linapasua vichwa! Mashine yenu ina kinyongo, mambo ya jana yameisha yenyewe bado imeyashika."

"Siyo kinyongo, Baba. Ni kumbukumbu."

"Mimi ndiye niliyekuzaa, nakwambia anza baridi."

"Nitaolewa popote utakaponiweka, Baba, lakini mto siubadilishi." Akacheka kile kicheko cha marehemu mama yake, na hapo ndipo huwa nashindwa, ila sikushindwa.

Mshauri, nifanyeje binti atii, na mkwe asipate la kunicheka? Jina langu usilitaje, niite Fundi Asiyeshindwa. Nijibu kabla ya Jumamosi, redio ya karakana yangu haizimwi.

MSHAURI ANAJIBU

Fundi Asiyeshindwa, hongera kwa kuoza. Nimecheka mpaka fundi mitambo amenigongea kioo. Sasa vumilia nikukaripie.

Uliona mashine ikisahau, ukadhani na mto umesahau. Mto haufanyi kazi ofisini, mzee wangu! Udongo wa bonde lako umekunywa mpaka maji yamefika shingoni, na aliyeshiba hivyo hata kijiko kimoja cha juu yake kinamwagika. Mvua ileile kwenye udongo wenye kiu haina neno. Kwenye udongo ulioshiba inabeba viti na wakaaji wake. Wewe hili unalijua kwa ubao. Ukiletewa ubao ulionyeshewa jana, unaupiga randa kwa sababu tu leo jua limewaka? Thubutu!

Halafu unataka binti atii. Atii nini? Awaambie majirani zako wa bondeni, wenye watoto wadogo, wakae watulie, kisa baba yake ana jukwaa? Aibu hiyo ungeiweka wapi? Unapenda sifa, nami sikulaumu, lakini sifa kubwa kuliko zote umeipita mlangoni bila kubisha hodi: umezaa mtu anayeuona mto kabla haujaja, na hata baba yake hamtikisi. Huo ukaidi, fundi, sidhani ameuokota barabarani.

Sasa fanya hivi. Ukimaliza kunisikiliza, weka randa chini uende kwa mkwe wako kwa miguu yako mwenyewe, usitume mtu. Mwambie, "Mkwe, jukwaa langu limekataa kulowa, naomba uwanja wa shule." Akicheka, mwache acheke, wewe zamu yako ulishacheka. Akimaliza, mkabidhi boriti nzito kuliko zote aibebe.

Na jukwaa usililie. Si umejisifu halina msumari? Basi ligonge taratibu, ndimi zitoke kwenye matundu, tia kila kipande alama kimjue mwenzake, lipandisheni kilimani, kisha kila kitu kirudi mahali pake: ta! Hutakuwa umeanza baridi, fundi. Utakuwa umeendelea pale ulipoishia. Mwulize binti yako, atakwambia na yeye ndiyo kazi anayoifanya kila asubuhi.

Nanyi mlioalikwa bondeni, jina sijalitaja ila mnamjua, pandeni juu. Nami nikipata kiti nakuja kukanyaga hizo ngazi zenye maua.

Na ule mtihani uliomtania nao mkwe wako, upo kweli, mzee wangu. Binti yako ameshafaulu. Bado wewe.