Kijana wa Kukanda Mgongo

Jumatatu, 6 Machi 1972
Mgongo tena. Nimechuma majani ya chai kidogo tu, nikakwama nimeinama kama mtu ameangusha sindano. Nikaenda dispensari, siku ya watu wa utafiti. Mama daktari mzungu anataka kujua kama mikono peke yake, bila dawa, inaweza kuponya mgongo. Mwenye kukanda ni kijana wa Nyamira, Ondieki. Jirani yangu Nyaboke aliingia kwanza. Nikachungulia. Alimkanda mpaka mifupa ikalia ka! Nyaboke akatoka anatembea kama msichana. Mimi nikafunikwa blanketi, akanigusa juu juu kama anajaribu uji kama ni moto. Basi. Nyaboke amempa nini?

Naandika Kiswahili kwa sababu Kemunto hajui. Mke mwenza akijua maneno yako umekwisha.

Alhamisi, 9 Machi
Blanketi tena. Nikamwambia, "Wewe, toa hii kitu, kanda! Mimi si yai." Akaangalia mlango. Jasho tu. Nikamuuliza ni wa nyumba gani. "Mbali, mama." Mbali ndiyo jina ya baba yako? Nyaboke huko nje akacheka mpaka akakohoa. Mtu akificha ukoo yake ameiba, ama ataiba. Nimeshaambia wanawake wote pale kisimani.

Jumamosi, 11 Machi
Sabato. Mahubiri sijui ilikuwa ya nini. Kemunto amekaa kando yangu, kimya. Akinyamaza hivyo kuna kitu. Mzee wetu haendi kanisa, wanasema aache mke mmoja kwanza. Tumemkuta nyumbani na neno: mvua ikishika na siwezi kuinama, shamba yangu ya majani ichukuliwe na Kemunto. Shamba yangu! Kila mti nilipanda mimi. Nimecheka mbele yao. Ndani nachemka.

Sasa naona. Kemunto amemhonga huyo kijana nisipone.

Jumatatu, 13 Machi
Sikwenda dispensari. Nimeenda soko ya Mosocho na ndizi, lakini kweli nilienda kutafuta maneno. Nikapata mama wa Nyamira anauza vyungu, nikamnunulia chai. Ondieki? Anamjua tangu anatambaa. Babu yake alitoka huku kwetu, akahama wakati wa njaa. Nyumba gani? Akataja.

Ni nyumba ya mzee wangu. Babu yake na baba ya mzee ni ndugu, tumbo moja. Huyo kijana ni mtoto yangu! Na mtoto haoni mgongo ya mama wazi, wala hashiki. Ni chinsoni, ile heshima ya mama na kijana wake, hata mjinga anajua. Na mimi nikapiga kelele atoe blanketi. Nyaboke anasikia.

Uso imenichoma mpaka nyumbani. Lakini bado nashuku. Mbona hakusema?

Alhamisi, 16 Machi
Nimemngoja nje. Nikasimama mbali, naangalia nyasi. Akasema alijua siku ya kwanza, aliposikia jina ya mzee. Lakini mama daktari anataka kila mgongo ikandwe sawasawa. Mwenye anachagua watu anafukuzwa. "Sasa mama, ningefanya nini?"

Nikaingia kwa mzungu, nikasema niondolewe, huyu ni mtoto yangu. Akauliza kama nilimzaa. Nikasema hapana, lakini ni mtoto. Alikaa, akashika kichwa. Akaniondoa. Ondieki bado ana kazi yake. Mimi nina mgongo yangu, na mawingu imekaa upande wa Nyacheki.

Jumapili, 19 Machi
Ondieki amekuja. Hakuingia. Alilaza gunia ya maharagwe hapo nje, akaita Kemunto. Nilijua Kemunto atakataa. Akaja.

Basi mimi ndani, nimelala kifudifudi. Kijana anakanda gunia nje. Kemunto anachungulia dirisha, anarudi kwangu, anafanya vile vile.

"Mama Kemunto, tafuta mfupa, bonyeza kando yake!"

"Mfupa gani? Huyu amenona, ni kama kutafuta shilingi kwa ugali!"

Nikacheka mpaka ikauma. Halafu ka! Kemunto akaruka, akadhani ameniua.

Bado iko na uchungu. Lakini nimesimama wima, nikaenda mpaka kwa mti wa kwanza wa majani, nikainama, nikarudi. Kemunto aliniona. Akasema atakanda tena kesho. Ya shamba hakutaja, na mimi sikuuliza.

Mikono yake ina joto. Miaka yote hii, boma moja, na sikujua.

Mvua imeanza.