Kobe Aliyeshindiliwa Pamba

Dada yangu, kifungua mimba wa mama,

Pokea salamu zangu kwanza, mengine yafuate. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, ila goti la kushoto linanikumbusha umri kila ninapoinuka kutoka kwenye sala. Wewe je? Kile kikohozi kimekuachia? Na shemeji, na wanangu, wote hawajambo? Waambie mama yao mdogo anawakumbuka, hata kama yule wa mwisho ananijua kwa sauti ya simu tu.

Huku tuko salama. Asubuhi bado nafua mashuka pale zahanati, mchana narudi kwenye kroshia yangu. Bati la jikoni limeanza tena kuvuja, nami nimeliwekea sufuria chini kama kawaida yetu, maana fundi anasema anakuja kesho tangu mwezi uliopita.

Barua yako niliipata siku kumi na mbili zilizopita. Nimeisoma mpaka imechanika kwenye mikunjo. Umeniuliza jambo moja tu: kama mama, kabla hajafumba macho, alikuondolea lile neno. Umesema unatamani kuja kuliona kaburi lakini unaogopa kusimama mbele ya mtu aliyelala na kinyongo nawe. Ungeweza kunipigia simu, lakini naona uliandika ili nisikujibu haraka. Nami sikujibu haraka, dada. Nitakujibu humu humu. Naomba tu unisome kwa utaratibu, usiruke mstari, kwa sababu nikianza na mwisho sitapata nguvu ya kurudi mwanzo.

Lile neno nalikumbuka kama lilivyotoka. Baba alizikwa wewe haupo. Kiwanda ulichokuwa unafanyia kazi kilikunyima ruhusa, nami nilijua, ila mama hakutaka kujua. Alisema mbele ya majirani na ndugu kwamba asiyekuja kumfukia baba yake asije kumfukia yeye. Watu walijaribu kumtuliza, wapi. Mama yetu unamjua, akishatia fundo hafungui. Miaka saba jina lako halikutajwa ndani ya nyumba hii. Ukinipigia nilikuwa natoka nje na simu, kama mwizi.

Kisha kikaja kiharusi. Ulipata habari, nilikueleza: mkono wa kulia ulilala, mdomo ukaenda upande, maneno yakawa yanatoka polepole. Nilimhamishia chumbani kwangu, kitanda chake karibu na dirisha, changu karibu na mlango. Nilimwosha, nilimlisha, nilimgeuza. Sikuandikii haya ili nijisifu. Nakuandikia ili ujue mahali ugonjwa wangu ulipoanzia, maana nami nilikuwa naumwa, ila si mwili.

Midoli nayo ilianza mwaka huo. Vitambaa vya meza vilikuwa havitakiwi tena, watu wanaweka plastiki. Muuguzi wa watoto pale zahanati, yule mcheshi tunayemwita Sindano Haiumi, aliniomba nimfumie mdoli wa kumbembelezea watoto siku za chanjo. Akataka awe yule kiboko fundi bomba wa kwenye katuni. Katuni mimi ningeijulia wapi? Nilifuma kiboko wa kichwani mwangu, nikampeleka nikiwa nimejaa fahari. Mtoto wa kwanza kumpokea alimtazama, akauliza huyu nguruwe anaumwa nini. Sindano Haiumi alicheka mpaka akakaa chini kwenye benchi la wagonjwa. Akaniambia niende nyumbani nikatazame katuni kama mwanafunzi, nisirudi mpaka nimefaulu.

Basi nikawa nawasha televisheni kila alasiri, daftari mkononi, nahesabu meno ya kiboko. Mama alinishangaa. Alisema amezaa mtu mzima anayetazama vinyago vinavyopiga kelele, na kwamba afadhali ningetazama ukuta, ukuta haudanganyi. Siku tatu hivi alinipa mgongo. Siku ya nne nilipotoka kuanua nguo nilimsikia anacheka. Dada, kicheko cha mama! Mdomo umepinda lakini kicheko kimenyooka. Tangu hapo akawa ndiye mwalimu wangu. Mimi nafuma nimeinama, yeye anatazama na kunieleza: masikio ya huyu yako chini zaidi, mkia wa yule ni mfupi, kofia imeinamia jicho moja kama ya mlevi. Nikikosea ananiambia nifumue, na nilikuwa nafumua.

Halafu akataka kazi. Mkono mmoja utafuma nini? Lakini mdoli wa kroshia una kazi mbili. Unaanza na kitanzi, unakizungushia mishono sita, mzunguko wa pili kumi na miwili, unapanuka hivyo mpaka upate tumbo, kisha unapunguza. Kabla hujaziba unaacha tundu la kupitisha vidole, na hapo ndipo pamba inapoingia. Pamba ikipungua mdoli anajikunja kama mtu aliyekosa usingizi; ikizidi, mishono inaachana na weupe unachungulia. Hiyo ya pamba mama aliichukua yeye. Nilimwekea mfuko ubavuni, akawa anachomoa kwa mkono wa kushoto kidonge kidogo kidogo na kukisukuma ndani kwa kidole.

Na kila kidonge alikisemea neno. Hilo hakufundishwa na mtu. Nilikuwa namwambia mdoli huyu ni wa mtoto gani, naye anamwombea. Wa kifua: pumua, mwanangu, pumua. Wa kuogopa giza: Mungu akae nawe mpaka kukuche. Kulikuwa na mmoja mkubwa wa miaka saba anayekojoa kitandani, mama yake alinitajia kwa siri, nami nikamtajia mama. Mama alishindilia ule mdoli mzima akisema kauka, kauka, kauka. Tulicheka wote wawili hadi machozi. Hizo ndizo zilikuwa siku zetu njema, na ninamshukuru Mungu kwa ajili ya siku hizo hata leo.

Katika zile katuni mama alimpenda mmoja kuliko wote, kobe rubani wa ndege, mwenye skafu nyekundu. Kila kipindi kobe huyo anachelewa. Wenzake wanamsema, wanakata tamaa, wanafunga milango, halafu anatua. Mama alikuwa anawagombeza wale wenzake kwenye kioo, anawaambia wangoje, mwenzao yuko njiani.

Siku moja, miezi minne kabla hajafariki, aliniomba nimfume kobe yule kwa uzi mzuri, si wa mabaki. Nikamuuliza ni wa mtoto gani. Aliuvuta mfuko wa pamba karibu naye. Kisha akasema ni wa mtoto wake mkubwa.

Dada, ningekuwa mwongo nikisema nilifurahi. Miaka miwili namgeuza kitandani, na mimi sikuwahi kushindiliwa hata sisimizi wa uzi. Nilimwambia anaweza kukupigia simu tu, nikutafute hewani sasa hivi. Akakataa. Alisema sauti yake imekuwa ya mtu aliyelewa, hataki uisikie hivyo. Tena akikusikia atalia au atagomba, na yote mawili ameshayachoka. Alisema nikutumie kobe, na nikuandikie kwamba ameshindiliwa na yeye mwenyewe, basi utaelewa na utakuja.

Nilimfuma kwa siku tano. Nilimfuma vizuri, mkono una heshima yake hata moyo ukiwa mchafu. Mama naye alimshindilia pamba siku tatu nzima. Nilikuwa nimekaa pale pale nafuma skafu, nasikia kila neno. Alimjaza kupita kiasi. Nilimwambia inatosha, mishono inaachana, akasema nimwache, bado hajamaliza kusema. Kobe akawa mgumu kama jiwe, hawezi hata kukaa, ukimweka anabingirika chali, na pamba inachungulia kila upande wa tumbo. Nikaziba tundu. Mama akalala usingizi wa mtu aliyetua mzigo.

Sasa nisikilize, dada. Asubuhi yake alikuja mama mmoja, mpima damu wa zahanati, kutafuta zawadi ya binti yake. Akamwona kobe juu ya meza, akamshika, akauliza kwa utani huyu amekula nini mbona tumbo linataka kupasuka. Akauliza kama anauzwa. Mama yetu alikuwa amelala, uso kwa dirisha. Nikasema ndiyo. Nilimfunga kwenye gazeti kwa mikono yangu mwenyewe.

Mama alipoamka nilimwambia nimeshampeleka posta.

Miezi minne, dada. Kila jioni aliniuliza kama umejibu. Kila jioni nilisema bado. Mwanzoni alikutetea, akasema posta siku hizi ni ya kizembe. Baadaye akasema labda wewe nawe umetia fundo, na kwamba hilo umelirithi kwake, hawezi kukulaumu. Wiki ya mwisho aliacha kuuliza. Alikuwa ananitazama tu nikiingia na simu mkononi, halafu anageuza uso. Nilikuwa na nafasi ya kusema kila siku ya Mungu. Mwanzo nilinyamaza kwa wivu. Mwisho nilinyamaza kwa hofu, kwa kuwa kila siku iliyopita iliufanya uwongo wangu kuwa mrefu zaidi.

Na wewe uliponipigia siku ile ya msiba, unalia, unaniuliza kama mama amesema lolote juu yako, kama unaweza kupanda gari uje kuzika, nilikujibu kwamba hakusema kitu. Hayo ndiyo maneno yangu. Ukatii lile neno la zamani, ukabaki huko. Umemkosa mama yako kwa sababu ya mdomo wangu. Wala usidhani alikufa na kinyongo nawe. Alikufa akidhani wewe ndiye umekataa kumsamehe.

Nimeomba toba mpaka magoti yamechoka, lakini kila nikiinuka ni kama naambiwa niende kwanza kwa mwenyewe. Barua yako ilipokuja nikajua ndiyo siku.

Juzi nilikwenda nyumbani kwa yule mpima damu. Nilimweleza yote, mlangoni, kabla hajanikaribisha. Kobe yupo. Jicho moja limetoka, skafu imepotea, binti yake anamlalia kama mto na hataki amwondokee. Mama wa mtoto alisema yuko tayari kunirudishia. Tumekubaliana ningoje neno lako: ukimtaka, atamtoa; usipomtaka, atabaki alipo. Mimi sitaamua tena juu ya kitu chako.

Lakini maneno yaliyomo ninayo mimi, na hayo nakupa bila kungoja. Siku ya kwanza alisema: mwanangu, nilikosa. Kiwanda si chako, nilijua si chako, nilitaka tu mtu wa kumkasirikia kwa sababu baba yenu nilishindwa kumkasirikia. Akairudia hiyo mara nyingi. Siku ya pili aliwataja watoto wako mmoja mmoja, pamoja na yule ambaye hakuwahi kumwona, akawaombea macho mazuri na watu wema. Siku ya tatu alisema lile neno amelifungua, mbele ya Mungu na mbele yangu mimi shahidi, na kwamba una radhi yake yote, tangu nywele hata unyayo, uende nayo kokote. Alisema uje wakati wowote, akiwa juu ya ardhi au chini yake. Kidonge cha mwisho alikisukuma akisema tu: mkubwa wangu, mkubwa wangu.

Hilo ndilo jibu la swali lako. Njoo, dada. Kaburi lina nafasi ya kusimama, na mama yako hana neno nawe.

Kama hutaki kuniona, nitaelewa. Niandikie siku tu. Siku hiyo nitashinda zahanati mpaka usiku, na ufunguo nitauacha kwa fundi viatu wa pembeni. Yeye ndiye aliyeshika upande wa kichwa tulipombeba mama, atakupeleka mpaka kaburini bila kukuuliza maswali. Kitanda cha dirishani nitakitandika shuka safi. Kama utapenda nikukute, usiandike kitu, njoo tu.

Nisalimie shemeji. Wabusu wanangu. Mungu akulinde, akupe kifua kizima, na akuongezee umri uliopungua kwa ajili yangu.

Ni mimi mdogo wako, kitinda mimba,
niliyekukosea.