Babu Aliyezikwa Kabla Hajarudi

Jumapili, 4 Agosti 1996. Sori

Likizo! Nimefika kwa Baba jana, na leo kanipa kazi kabla sijamaliza chai. Anataka kaburi la babu Maranga lipigwe saruji, liandikwe jina na tarehe. "Wewe ni mwalimu, katafute tarehe. Siwezi kulala kando ya mtu asiye na tarehe." Kulala — anamaanisha kuzikwa. Moyo wake umechoka, daktari alisema hivyo mwezi wa sita, na tangu hapo hainuki kitini bila kushikwa. Fundi Machuki anakuja tarehe kumi na nane. Ni Msabato, Jumapili kwake ni siku ya kazi.

Kaburini hakuna mtu. Mashua ya babu ilizama 1938, ziwa halikumrudisha, wakazika yago badala yake. Tunda refu, zito, wakalifunga shuka, wakalilia. Ndivyo tunavyofanya sisi kwa mtu wa majini. Baba alikuwa na miaka minane.

Kanisimulia tena ile ndoto yake. Yeye mtoto, amekaa juu ya kaburi bichi. Langoni kasimama mwanaume anakunywa uji. Haingii. Basi. Miaka hamsini na nane, ndoto ni hiyo hiyo!

Naandika Kiswahili kwa sababu Baba husoma Dholuo tu, na mimi daftari naliacha popote.

Jumanne, 6 Agosti. Homa Bay

Ziwa leo jeupe, halina hata kikunjo. Nilisimama gatini nikajisahau kabisa, nikawa nasikia karanga zikimwagika majini. Mashua ya babu ilikuwa imebeba karanga.

Mzee Simeon alikuwa hamali hapa enzi hizo. Haoni vizuri ila kumbukumbu — wacha! Tarehe kumi na tano Machi, Jumanne, mvua. Watu watano. Waliokufa wawili.

Nikamwambia, watatu, mzee wangu. Akacheka. Wawili, mwalimu. Wa tatu alimtoa yeye mwenyewe kwenye matete usiku ule. Wenzake walikuwa wameshakimbilia nyumbani wakijua amezama. Alilala kwa Simeon siku kumi na mbili, homa, hata jina hakulijua. Alipopona akashika njia ya Sori kwa miguu.

"Maranga. Hakufika?"

Nilinunua soda, sikuinywa.

Alhamisi, 8 Agosti. Uriri

Dani Phelesia, bibi yetu, ni dada mdogo wa babu, aliolewa huku. Nilimkuta anapepeta wimbi. Nilipotaja jina la Simeon, ungo ukatulia.

Alifika, akasema. Asubuhi. Mama yao ndiye aliyemwona kwanza, akakimbia kuziba lango kwa miiba. Mtu keshazikwa! Akivuka lango, wanawe watakufa mmoja mmoja. Nani angethubutu? Mama hakulia. Alisema tu: Maranga tumemzika, wewe sikujui.

Dani alikuwa msichana wa miaka kumi na mbili. Alimpitishia uji juu ya miiba. Babu akanywa, macho bado yana ukungu wa homa, akauliza yule mtoto aliyekaa pale juu ya udongo ni nani. Obare, akajibiwa. Mwanao.

"Akarudisha kibuyu. Akaenda."

Yawa! Baba, si ndoto. Baba, ulikuwa macho!

Baadaye muuza tumbaku alimletea Dani salamu za babu kutoka Ntimaru. Hakumwambia mtu. Kanishika mkono: nyathina, mwanangu, usimuue Obare kwa habari ya zamani.

Jumapili, 11 Agosti. Sori

Nimeota natembea chini ya ziwa, na juu ya kichwa changu yago zinaelea, kila moja imevaa shuka. Baba kauliza, tarehe umepata? Nikasema bado. Mwongo mkubwa mimi. Amefurahi hata hivyo, amenionyesha kwa fimbo mahali pake, kando ya kaburi. Karibu kabisa. Nimejifungia jikoni nikalia.

Jumanne, 13 Agosti. Ntimaru

Sikuhitaji kuuliza mara mbili. Mwanaume alitoka kwenye mahindi na uso wa Baba! Anaitwa Elkana. Mama yake Mkuria, mimi sijui Kikuria, tukazungumza Kiswahili. Kanipeleka nyuma ya nyumba. Kaburi la kweli, lina mtu ndani. Maranga, tarehe mbili Juni 1971. Mimi nilikuwa darasa la pili! Babu alikuwa hai, na mimi naimba shuleni.

Nimemwita baba mdogo, akainamisha kichwa. Hakuuliza habari ya ng'ombe wala shamba. Aliuliza lango la Sori linatazama wapi. Mzee wake alimwambia: ukienda kule simama langoni, usiingie mpaka uitwe.

Nikamsihi asubiri niseme na Baba kwanza. Akauliza fundi wa kaburi anakuja lini, nikamtajia.

Jumamosi, 17 Agosti. Sori

Siku nne nafungua mdomo na kuufunga. Nikisema, moyo wake je? Nisiposema, atalala milele kando ya tunda akiliita baba. Nimemwandikia fundi 15 Machi 1938. Mwoga.

Jumapili, 18 Agosti

Naandika nimesimama. Saruji imemwagwa. Machuki ameandika MARANGA kwa msumari, vizuri sana, ameanza tarehe — 15 — na Baba yuko kwenye kiti chake anatazama. Kisha hatazami tena kaburi. Anatazama lango.

Elkana. Koti la mvua, kofia mkononi. Amesimama. Haingii.

Nilifikiri Baba ataanguka. Kasema polepole, bila kunigeukia: "Edinah, yule unamwona na wewe?"

"Namwona, Baba."

"Kumbe." Halafu: "Leteni uji."

Ameinuka. Peke yake! Nimekimbia kumshika, kanisukuma kwa fimbo. Anatembea. Anamwita, lakini jina analoita ni la baba yake, na Elkana hajui kama ndilo aitike.

Machuki ananiuliza: mwalimu, niendelee na hiyo tarehe? Inakauka.

Nimemwambia afute. Baba amefika nusu ya njia.