Pikapu Haiuzwi Tena

Kiranjeranje,
Jumapili, 10 Agosti.

Kwa Baba yangu mpenzi, Mzee Shamte,

Assalamu alaykum. Shikamoo Baba. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Songo Songo, na nyumba ya Baba mdogo Abdala imeshapata paa. Sisi huku hatujambo. Mbuzi wa Mama amezaa mapacha, na mikorosho mwaka huu imetoa maua mpaka mtu anasimama njiani kuitazama. Najua utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Baba, kwenye simu wewe huanza kufoka kabla sijamaliza salamu, na leo nataka nifike mwisho wa maneno yangu. Ndiyo maana barua hii nimempa jirani yetu Abdurahmani, anayevuka kesho kuja huko kisiwani, akukabidhi mkononi.

Habari kubwa ni kwamba pikapu imepona!

Unakumbuka ilivyoanza. Wiki chache baada ya wewe kuondoka ikawa inakohoa na kutoa moshi mweusi, na kile kilima cha kuingia kijijini ikawa inakipanda kwa dua. Fundi aliisikiliza akiwa amekaa juu ya pikipiki yake, hata boneti hakufungua, akasema injini imekufa. Ukampigia Kaka Salumu, ukamwambia ndiye aliyeiua kwa kuendesha ovyo, asiguse tena ufunguo, na kwamba mnunuzi atakuja kuichukua Ijumaa. Kaka akautundika ufunguo ukutani. Tangu siku hiyo akawa anakula kidogo na kwenda shamba kwa miguu, na sote tukawa tunawaza korosho zitafikaje ghalani bila gari.

Jumatatu nilishindwa kuvumilia, nikafungua boneti mwenyewe. Pembeni ya injini kuna kasha jeusi la plastiki lenye vibanio vinne. Nikavifungua kwa mpini wa kijiko cha Mama (usimwambie), nikatoa chujio la hewa, ile karatasi iliyokunjwakunjwa inayozuia vumbi lisiingie kwenye injini. Baba, lilikuwa la njano tupu! Ilikuwa salfa, ileile tunayopuliza kwenye mikorosho kuzuia ugonjwa wa ubwiri unga. Nililigonga chini mara moja tu, nikapiga chafya mpaka Mama akatoka kuuliza nani ana mafua. Injini haikuwa imekufa, ilikuwa inakosa pumzi.

Nikapiga picha namba iliyo kwenye ukingo wake wa mpira, nikamtumia Maimuna, rafiki yangu wa shule aliyeko Lindi, na Jumatano kondakta wa basi akaniletea chujio jipya alilolinunua. Niliziba bomba la kwenda kwenye injini kwa kitambaa ili salfa isitumbukie, nikalifuta kasha likang'aa, kisha nikakitoa kitambaa. Chujio lenyewe mara ya kwanza nililiweka juu chini. Kifuniko kikagoma, nami nikakikandamiza kwa goti huku namlaani muuzaji. Nilipoligeuza, likakaa vizuri tu.

Nikamwita Kaka aje kuwasha. Ilinguruma kama siku uliyoileta! Mama akapiga vigelegele, majirani wakaja mbio wakidhani nimeposwa. Kaka akapanda kile kilima na kushuka, akakipanda tena bila sababu yoyote, anacheka peke yake. Sikuwa nimemwona akicheka siku nyingi.

Mnunuzi alifika Ijumaa. Mama akamkaribisha chai na mihogo, akamweleza kwa upole kwamba mgonjwa amepona na haondoki tena hapa.

Sasa Baba, kama umesimama, kaa. Salfa haikujipeleka yenyewe. Mwezi wa saba wote, kila alfajiri watu walipokuwa wakipuliza, mimi ndiye niliyeichukua pikapu nikijifunza kuendesha kwenye njia za shamba. Kuiwasha upya kwenye mteremko kulinishinda, kwa hiyo nilikuwa siizimi. Niliiacha ikinguruma karibu na mashine ya kupulizia, nikashuka kuwasaidia kujaza unga, nayo ikavuta salfa mpaka jua linatoka. Kaka alijua, kwa sababu alinikuta siku moja. Ulipomfokea, angenitaja kwa neno moja tu ukamwacha. Hakunitaja. Nami nilikuwa jikoni, naisikia sauti yako kwenye simu yake, na nikanyamaza. Naona aibu, Baba. Nisamehe.

Mama anakusalimu sana, na Maimuna pia. Msalimie Baba mdogo na wote wa hapo.

Ninalo ombi moja. Ukimaliza kusoma, usinipigie mimi kwanza. Mpigie Kaka, umwambie alichostahili kuambiwa. Mimi utanifokea gatini Masoko siku utakayorudi. Nitakuja kukupokea na pikapu, nikiwa nyuma ya usukani.

Wako mtoto mkosaji mwenye furaha,

Sauda Shamte